Taa mpya juu ya matumbawe: uipunguze, uiinue, uifunike, au uyashushe?

Julai iliyopita mpwa wangu wa Kisauni, hapa Mombasa, alinipigia simu jioni ile ile aliyofunga taa mpya ya LED juu ya tanki lake la kufugia matumbawe.

"Shikamoo mjomba. Nishaifunga. Niiwashe yote?"

"Marahaba. Matumbawe yako yalikuwa chini ya taa gani?"

"Zile zile tyubu nne za T5, zile nyembamba za florisenti, nilizonunua na tanki."

"Hujazibadilisha?"

"Tangu mwaka juzi."

Nikamwambia asiiwashe yote, wala asiiwashe nusu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali lililonikalisha kitako kuandika haya: "Sasa mjomba, niipunguze, niiinue, niifunike, ama niyashushe matumbawe? Kila mtu anambia lake."

Kila mtu ana lake kwa sababu kila mtu asema akiwa na tanki lake kichwani. Anayefuga Acropora, tumbawe gumu lipendalo mwanga, chini ya taa inayotawaliwa kwa simu haelewani na anayefuga zoa, vile vidogo visivyo na mifupa, chini ya tyubu mbili zisizo na chochote ila swichi. Njia zenyewe ni tano: kupunguza nguvu ya taa, kuinua taa, kuifunika kwa neti, kuanzia matumbawe chini na kuyapandisha, na kupunguza saa za mwanga. Nimezijaribu zote, na moja iliniunguzia tumbawe nililolilea miaka miwili. Nitazilinganisha hapa, ila sitazipa nafasi sawa, maana thamani yake si sawa.

Tumbawe hufanya nini mwanga ukizidi

Ndani ya ngozi ya tumbawe mna vijimwani vya seli moja. Vyenyewe hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenye nyumba. Tumbawe lililokaa kwenye kivuli hujaza vijimwani na klorofili kwa wingi ili lisipoteze hata chembe ya mwanga. Ndiyo maana tumbawe la tanki lenye giza huwa na rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Lilete ghafla kwenye mwanga mkali, na klorofili yote ile inapokea nishati kuliko inavyoweza kuitumia. Nishati ya ziada huzaa oksijeni kali inayoharibu seli, na tumbawe, kujiokoa, huvitema vijimwani vyake. Ngozi hubaki kama kioo, na chini yake waona mifupa meupe ya chokaa. Huko ndiko kupauka.

Likipewa nafasi, tumbawe hujipanga upya lenyewe. Hupunguza klorofili, na aina nyingi huongeza rangi za kujikinga, zile za zambarau, kijani na waridi tunazozinunulia taa. Kazi hiyo huanza katika siku za mwanzo, lakini kukamilika huchukua kama wiki mbili hadi nne. Basi njia zote tano zina kazi moja tu: kupandisha mwanga kwa mwendo ambao tumbawe litaufuata. Zinatofautiana katika ukubwa wa kila hatua, katika nani anayeguswa na hatua hiyo, na katika kile kinachoweza kuharibika ukiwa hupo nyumbani. Hili la mwisho, kwa mji wetu, ndilo nalipa uzito zaidi.

Kabla ya kuchagua: umetoka wapi?

Mwanga unaotumiwa na mimea na vijimwani hupimwa kwa PAR, yaani maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri juu ya maji ya Mombasa hukaribia 2000. Tankini hatuhitaji hata robo yake. Matumbawe laini, uyoga (matumbawe yenye umbo hilo), na zile zoa zinazojitandaza kama vifungo vya shati huridhika na 50 hadi 150. Euphyllia na wenzake wenye minyiri minene wako papo hapo. Acropora na Montipora, matumbawe magumu, ndizo zinazotaka 200 hadi 350.

Mita ya kupimia PAR ni ghali. Mimi naiazima; hapa mjini walio nayo wajulikana, na mtu hakatai kukupa siku moja ukimrudishia ikiwa imeoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usipoipata, simu yako yaweza kukusaidia kwa kiasi fulani. Programu ya kupima mwanga kwa simu hudanganyika sana kwa taa zenye buluu nyingi, kwa hivyo usiiamini ikikupa namba. Iamini ikilinganisha. Iweke simu mahali pale pale, chini ya taa ile ile, kwa mchanganyiko ule ule wa rangi, upime kabla na baada ya hatua. Ikikwambia mwanga umeongezeka kwa robo, umeongezeka kama robo hivi.

Jicho ndilo usiliamini kabisa. Jicho letu huiona buluu kuwa hafifu, ilhali vijimwani huila kama wali wa nazi. Tanki la LED ya buluu laweza kuonekana kama chumba cha kulala na bado likawa na mwanga mara tatu ya tyubu ulizoziondoa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu: tyubu zake kuukuu zilikuwa zikitoa kama 80 katikati ya mwamba, na taa mpya ikiwashwa yote ilitoa 240 mahali pale pale. Hizo namba mbili ndizo zitakazotuongoza huko mbele.

Kupunguza nguvu au kuinua taa

Hizi ndizo njia mbili zinazoshindanishwa sana, na kwa kuzitazama juu juu zafanana: zote hugusa tanki zima, na zote hazigusi tumbawe kwa mkono.

Kwa kupunguza nguvu, unaanzia pale mwanga mpya unapolingana na wa zamani. 80 kwa 240 ni theluthi, basi anza asilimia 30. Halafu panda pointi tano kwa wiki. Wengi huishia hapo wakidhani wamepanga hatua zilizo sawa. Hazilingani. Kutoka 30 kwenda 35 umeongeza sehemu moja ya sita ya mwanga uliokuwapo. Kutoka 60 kwenda 65 umeongeza sehemu moja ya kumi na mbili tu. Hatua za mwanzo ndizo nzito, na ndizo zinazolikuta tumbawe likiwa bado halijajipanga. Kwa hivyo mimi hupanda pointi tatu tatu mpaka nifike 45, kisha tano tano. Hakuna aliyewahi kunilalamikia isipokuwa mke wangu, anayetaka kuona samaki.

Kuinua taa kuna hesabu yake, na hiyo humshika mtu asipotazama. Chukua taa iliyo sentimita 20 juu ya maji, kisha uiinue 20 nyingine. Tumbawe lililo sentimita 10 chini ya uso wa maji lilikuwa umbali wa 30, sasa liko 50. Kwa kanuni ya mwanga kutawanyika, hubaki na kama asilimia 36. La chini, kina cha sentimita 40, limetoka umbali wa 60 likawa 80, nalo hubaki na kama asilimia 56. Tankini kwenyewe namba hizi hulegea kwa sababu ya lenzi za taa na vioo vinavyorudisha mwanga, lakini mwelekeo ndio huo: kuinua taa huyapunguzia ya juu zaidi kuliko ya chini. Na ukiishusha, ya juu ndiyo yanayopata kishindo. Hizo ndizo Acropora zako, zile za bei.

Upande wa pili, taa iliyoinuliwa hutawanya mwanga vizuri zaidi, na vivuli vikali chini ya mwamba hupungua. Kama taa yako ina lenzi nyembamba inayopiga doa jeupe katikati na kuacha pembe zikiwa giza, kuinua kutakufaa hata baada ya kuzoesha kwisha. Kasoro yake ni nyumba. Kwenye fleti zetu, dari ni zege, na kulitoboa ni mazungumzo na mwenye nyumba. Taa ikining'inia juu, mwanga wake wa buluu huingia machoni pa kila aliyekaa sebuleni. Na kamba ya kuning'inizia iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi hula waya wa kawaida kabla ya mwaka kwisha, na taa ikianguka majini haina msamaha.

Kwa haya yote ungedhani kupunguza nguvu kumeshinda. Kungeshinda, lau isingekuwa stima.

Machi mwaka juzi nilikwenda harusini Malindi, siku mbili. Nyuma stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena, kama ijulikanavyo. Taa yangu wakati ule, ambayo sitaitaja jina, haikuwa na kumbukumbu ya kudumu. Stima iliporudi, taa ilisahau saa, ikasahau ratiba, ikasahau kwamba niliiacha kwenye asilimia 40. Iliwaka 100 kwa 100 usiku na mchana. Nilipofungua mlango Jumapili jioni nilijua kabla sijafika tankini. Ukuta wa sebule ulikuwa mweupe kama wa duka la simu. Montipora yangu ya sahani, upana wa kiganja kilichokunjuliwa, ilikuwa imepauka yote isipokuwa mstari mmoja wa kahawia uliopita katikati, ulionyooka, wa upana wa kidole. Nilikaa nikiutazama nisielewe. Kisha nikaona: ulikuwa ni kivuli cha bomba la pampu. Pale bomba lilipokinga, tumbawe lilibaki na rangi yake, kama ngozi chini ya saa ya mkononi. Pale lisipokinga, meupe. Wiki mbili baadaye ule mstari ndio pekee uliokuwa hai.

Tangu siku ile nina jaribio moja ninalolifanya kabla ya kumshauri mtu yeyote. Weka taa asilimia 20. Chomoa plagi, ngoja dakika kumi, rudisha. Ikirudi 20 na saa yake iko sawa, chagua kupunguza nguvu, na tumia hata ile ratiba ya kuzoesha ambayo taa nyingine huja nayo. Ikirudi vingine, usiitegemee hata kama ni nzuri vipi. Inua taa, au endelea kusoma.

Neti au kuanzia chini

Neti ndiyo njia ya kimaskini, na mimi naipenda kwa sababu haisahau stima ikipotea. Ni njia ya lazima kwa tyubu za T5, kwa taa za metali halaidi, na kwa LED zile za bei nafuu zenye kuwashwa na kuzimwa basi. Nenda kwa fundi wa alumini anayetengeneza madirisha, mwambie akukatie fremu ya ukubwa wa tanki lako, kisha ununue neti ya mbu ya dirishani, ile ya nyuzi za plastiki. Usichukue ya waya. Waya wenye zinki au shaba ukidondosha maji yenye chumvi tankini, utaua konokono na kamba wako wote na matumbawe yafuate.

Kila tabaka huzuia kiasi chake, kutegemea neti. Pima. Tuseme yako huzuia theluthi. Tabaka tatu zitapitisha kama asilimia 30, mbili 44, moja 67. Kwa taa ya mpwa wangu yenye 240, hiyo ni kama 70, kisha 107, kisha 160, kisha 240. Waona hatua zilivyo kubwa: kila tabaka unayoiondoa huongeza mwanga kwa nusu ya uliokuwapo. Ndiyo kasoro ya neti ikilinganishwa na kupunguza nguvu. Dawa yake ni uvumilivu: siku kumi hadi kumi na nne kwa kila tabaka, na ukitaka kuwa mpole zaidi, kata tabaka katikati uondoe nusu iliyo juu ya matumbawe yanayopenda mwanga, kisha nusu nyingine wiki ifuatayo. Metali halaidi huchoma, kwa hivyo neti iwe juu ya maji, mbali na taa. Na uioshe kila wiki. Ikijaa chumvi huwa kivuli kuliko ulivyopanga, na siku utakayoiosha utakuwa umeongeza mwanga bila kujua.

Kuanzia chini ni kitu kingine kabisa, na makosa mengi hutokea kwa kuichanganya na njia za tanki zima. Hii ni njia ya tumbawe moja. Umenunua kipande cha Acropora, tanki lako lina matumbawe yaliyokwisha kuzoea 250, na hujui kipande kimetoka kwenye mwanga gani. Ukipunguza taa kwa ajili ya mgeni, wenyeji watakaa njaa na kurudi kahawia. Basi mgeni ndiye anayeshuka. Kiweke kwenye kirafu cha sumaku kinachobandikwa kioo cha pembeni, karibu na mchanga, kisha ukipandishe sentimita kumi kila wiki au siku kumi mpaka kifike kinapokusudiwa. Kikifika, ndipo ukigundishe kwa gundi.

Mitego yake ni miwili. Wa kwanza, chini si lazima pawe pa giza. Mchanga ulio katikati, moja kwa moja chini ya lenzi, waweza kuwa na mwanga kuliko rafu ya juu ya pembeni. Mtu huweka tumbawe "chini ili lizoee" na kumbe amelitia kwenye tanuri. Wa pili, ukihamisha tumbawe umebadilisha na mkondo wa maji pia. Likikunja minyiri yake hujui ni mwanga, ni mkondo, au ni mchanga ulioruka ukalitua. Kwa njia za tanki zima, kitu kimoja tu ndicho kilichobadilika, na hilo ni faida ambayo watu hawaihesabu.

Kwa hivyo kati ya hizi mbili hakuna ushindani wa kweli. Taa imebadilika: neti. Tumbawe ni geni: lianzie chini. Vyote viwili kwa pamoja: usinunue matumbawe mwezi huo.

Kuna wanaoniambia njia ya sita, kwamba tumbawe la kwenye mwamba wa Nyali, linalochomwa na jua bamvua likitoka, halihitaji kuzoeshwa taa yoyote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hakuna kinachoruhusiwa kutolewa, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Na hata ukiweka sheria kando, tumbawe lililozoea jua, likaja likakaa miezi miwili chini ya taa hafifu, lishajipanga upya kwa giza. Historia yake haitalisaidia.

Kupunguza saa

Hii ndiyo njia inayoshauriwa zaidi na inayosaidia kidogo zaidi. Ni kama kukaanga mahamri: mafuta yakiwa moto kupita kiasi, hamri litaungua nje na ndani likabaki bichi, hata ukiliepua upesi. Saa nne za PAR 240 kwa tumbawe la 80 bado ni PAR 240 saa zote nne. Tumia kupunguza saa kama nyongeza juu ya njia nyingine: saa sita za mwanga wa kilele cha hatua uliyofikia badala ya nane au tisa kwa wiki mbili za mwanzo, huku taa ikipanda na kushuka polepole asubuhi na jioni. Isiwe njia yako pekee.

Mombasa na joto lake

Ushauri mwingi wa mambo haya umeandikwa na watu wanaohangaika kupasha maji joto. Sisi twahangaika kuyapoza. Tanki la matumbawe hupenda nyuzi 25 hadi 27. Chumba chetu cha sebuleni mwezi Februari, kaskazi ikiwa imechoka, hupita hapo kabla ya saa nne asubuhi. Joto na mwanga hushirikiana kuunguza. Mwanga ambao tumbawe lingeustahimili vizuri kwa nyuzi 26 waweza kulipausha kwa nyuzi 30. Mwaka 1998, maji ya pwani yetu yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya mwambao yalipauka na kufa, na kilichoyaponza zaidi ni lile joto la maji. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini mwetu kila mwaka. Matumbawe ya baharini hulivumilia maadamu maji hayakuchemka.

Kwa hivyo wakati wa kubadilisha taa ni kusi, Juni hadi Agosti. Ukilazimika kuanza kaskazi, ongeza muda wa kila hatua mara mbili. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha joto kwa kuyafanya yawe mvuke, lakini hewa yetu imeshajaa unyevu, kwa hivyo haifanyi kazi kama ilivyo Nairobi. Usiitegemee peke yake kwa tanki la Acropora. Na hapa neti ina doa lake: tabaka tatu huzuia upepo wa feni kufikia maji. Inua fremu kidogo kwa vipande vya mpira kwenye pembe nne, upepo upite chini yake.

Mwanga unaoongezeka bila wewe kugusa taa

Mara nyingine mtu huja na tumbawe lililopauka na kuapa hakugusa taa. Muulize maswali matatu. Alibadilisha tyubu zote kwa siku moja? Tyubu ya T5 iliyopita mwaka imepungua nguvu, na nne mpya kwa pamoja ni taa mpya. Badilisha moja kila wiki mbili. Alitia mkaa mpya kwenye chujio? Mkaa huondoa umanjano wa maji, na mwanga uliokuwa ukizuiwa wapenya. Alisafisha kioo kilicho chini ya taa? Ukoko wa chumvi wa miezi mitatu ni neti pia.

Dalili huchelewa. Tumbawe lililounguzwa Jumatatu laweza kukuonyesha Ijumaa, na ndiyo sababu hatupandishi mwanga kila siku hata kama leo linaonekana zuri. Likianza kufifia kuanzia kileleni, sehemu zilizoelekea taa, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo wiki mbili. Likiwa jeupe lakini minyiri yatoka usiku, bado li hai. Lilishe: uduvi wa kugandishwa uliokatwakatwa kwa Euphyllia, chakula cha unga kwa vinywa vidogo. Usifute naitreti na fosfeti, virutubisho vya majini, mpaka sufuri wakati huo. Tumbawe lenye njaa chini ya mwanga mkali huungua upesi zaidi. Na pima chokaa na alkali mara nyingi kuliko kawaida, maana yale yaliyozoea yataanza kukua kwa kasi na kuyanywa.

Mpwa wangu alichagua nini

Alifanya jaribio la plagi. Taa yake ikarudi 100 ikimulika kama uwanja wa mpira. Basi kupunguza nguvu kukaondoka. Dari la nyumba yake si lake, kuinua kukaondoka. Akaenda kwa fundi wa alumini akarudi na fremu na neti ya mita mbili, akaanza na tabaka tatu, fremu ikiwa imekalia mipira minne. Baada ya wiki mbili akaondoa moja. Euphyllia yake ilijikunja siku mbili, ikafunguka. Zoa zilizokuwa za kahawia zikaanza kuonyesha duara la kijani katikati. Wiki mbili nyingine, akaondoa ya pili.

Mwanzoni mwa Septemba akanipigia tena.

"Mjomba, imebaki moja. Niitoe?"

"Humo ndani una nini kinachotaka 240?"

Kimya. Nikasikia pampu yake ikinguruma kwenye simu.

"Hamna, mjomba. Zoa, uyoga, na Euphyllia."

"Basi ya nini?"

Hakuitoa. Aliondoa ile mipira minne tu, fremu ikakaa sawasawa juu ya kioo, na tangu hapo samaki wake wa gobi, aliyekuwa na tabia ya kuruka nje usiku, huigonga neti kichwa na kurudi majini.